Kwa nini rsync inarudia mafaili yote kila usiku kati ya Nansio na Mwanza?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Ninatunza hesabu na kompyuta za biashara ya kununua samaki. Ofisi kuu iko Kirumba, Mwanza, na kituo chetu kiko Nansio, Ukerewe. Kila upande una kompyuta moja ya Debian tunayoitumia kama seva. Nansio tuna folda ya stakabadhi na picha za mizani, mafaili kama 41,000, jumla gigabaiti 9 hivi, na kwa siku zinaongezeka kama megabaiti 60 tu. Folda hiyo iko kwenye diski ya pili iliyopachikwa hapohapo /data/stakabadhi. Fundi aliyetufungia aliipachika folda ya Mwanza kwenye mashine ya Nansio kwa sshfs (inayofanya folda ya mbali ionekane kama ya hapohapo), kisha akaweka kwenye cron (ratiba ya kazi zinazojiendesha) amri hii ya rsync (programu ya kunakili mafaili), iende saa nane usiku: rsync -rv --delete /data/stakabadhi /mnt/mwanza. Bando la gigabaiti 20 linakwisha kwa siku mbili tatu. Mara nyingi kazi inakatika katikati, na kuna siku inaganda hadi asubuhi. Rafiki yangu alisema niongeze -c ili ikague vizuri isirudie mafaili, lakini usiku huo zikaondoka gigabaiti 9 zilezile. Mwezi uliopita umeme ulikatika Nansio, na asubuhi yake folda ya Mwanza ikawa tupu kabisa. Nilipowasha upya mashine vitu vilirudi usiku uliofuata, kwa bando jingine. Je, rsync haifai mtandao wa kisiwani? Nihamie Syncthing, programu nyingine ya kusawazisha folda, au tununue intaneti ya kasi zaidi?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, kwa sababu umeandika yale ambayo wengi huyaacha: amri yenyewe kama ilivyo, ukubwa wa folda, na ongezeko la kila siku. Tarakimu hizo mbili, gigabaiti 9 na megabaiti 60, ndizo zilizonipa jibu. Kama bando lingeliwa na kazi halali ya siku, usiku mmoja ungekugharimu megabaiti 60 na ushee. Wewe unalipa gigabaiti 9. Maana yake kila usiku folda nzima inahamishwa upya, kuanzia stakabadhi ya kwanza kabisa, kana kwamba Mwanza haijawahi kupokea kitu.

Nikutoe wasiwasi kwanza kuhusu kisiwa. Andrew Tridgell na Paul Mackerras walipoitoa rsync mwaka 1996 huko Australia, shida waliyotaka kuitatua ilikuwa hii yako hasa: mashine mbili zilizounganishwa kwa laini nyembamba, inayochelewa, ambayo kila baiti ina thamani yake. Programu hii ilizaliwa kwa ajili ya Nansio kuliko ilivyozaliwa kwa ajili ya jengo lenye nyaya za kasi. Ila namna ilivyofungwa kwenu imeinyang'anya kipaji chake chote. Fundi wenu simlaumu sana. Amri yake inakwenda, haitoi kosa lolote, na ukiijaribu mezani kwa mafaili kumi huwezi kuona tofauti.

Watu wengi hudhani rsync hufungua kila faili na kulisoma ndipo iamue kama limebadilika. Haifanyi hivyo. Ichukulie kama karani wa mwaloni, kule samaki wanakoshushwa, anayehesabu matenga. Hafungui tenga hata moja. Anasoma lebo tu, na lebo ina vitu viwili: ukubwa wa faili, na saa lilipobadilishwa mara ya mwisho. Lebo ya Nansio ikifanana na ya Mwanza, analipita. Zikitofautiana kwa chochote, hata sekunde moja, anaandika: lipelekwe. Ndiyo maana anaweza kupitia mafaili 41,000 kwa muda mfupi.

Sasa tazama amri yako. Umeandika -r, maana yake ingia kwenye folda zote za ndani. Hukuandika -t, ambayo maana yake ni hifadhi saa ya faili kama ilivyokuwa kule lilikotoka. Bila -t, kila tenga linalofika Mwanza hubandikwa lebo mpya yenye saa ya kufika. Stakabadhi iliyopigwa picha Nansio Jumatatu saa nne asubuhi inaandikwa Mwanza kuwa ni ya Jumanne saa tisa usiku. Usiku unaofuata karani anasoma lebo mbili: ukubwa sawa, saa tofauti. Anaipeleka tena, inabandikwa saa mpya tena, na kesho yake hadithi ni ileile. Mzunguko huu hauna mwisho, na hautoi hata mstari mmoja wa kosa.

Unaweza kuuona kwa macho yako bila kutumia bando kubwa. Rudia amri yako ileile, lakini ongeza -i na -n. Herufi n inaiambia rsync iigize tu, isipeleke wala kufuta kitu. Herufi i inaitaka ieleze sababu ya kila faili. Utaona maelfu ya mistari kama huu:

>f..T......  stakabadhi/2024/03/mizani-0412.jpg

Hiyo T kubwa, herufi ya tano kutoka kushoto, ndiyo shahidi wetu. Inasema faili litaandikwa na litapewa saa ya kuhamishwa, kwa kuwa hukuagiza saa itunzwe. Kama ukubwa ungekuwa umebadilika, nukta inayotangulia T, kushoto kwake, ingekuwa s. Faili jipya kabisa lingekuja na alama za kujumlisha mstari mzima. Yazoee maandishi haya. Mtu anayeweza kuyasoma hahitaji kubahatisha.

Hapo umepata nusu ya jibu. Nusu ya pili ni sshfs, na naomba unifuate taratibu, maana hapa ndipo pesa yenu ilipozama.

Rsync ikiamua faili lipelekwe, bado ina njia ya kuokoa bando. Inakuwa na makarani wawili, mmoja Nansio na mmoja Mwanza, wanaozungumza kwa simu. Karani wa Mwanza analikata faili alilonalo vipande vidogo, anakipigia kila kipande hesabu, kisha anamsomea mwenzake majibu tu. Karani wa Nansio analipitia faili lake akitafuta vipande vyenye majibu hayohayo. Anavyovikuta anasema, hicho unacho, kitumie. Asivyovikuta ndivyo anavyovituma. Faili ambalo halikubadilika, hata kama lebo yake ni mbovu, linamalizwa kwa maneno machache ya simu. Kwa folda yako kazi hiyo yote ingekula megabaiti tu, isingefika gigabaiti.

Lakini umeipa rsync njia mbili ambazo kwa macho yake zote ni za hapohapo nyumbani: /data/stakabadhi na /mnt/mwanza. Haijui kwamba nyuma ya /mnt/mwanza kuna maji na minara ya simu. Inapoona pande zote ni za mashine moja, inaacha kabisa ile biashara ya vipande na kunakili faili zima, kwa sababu kwenye diski ya ndani kunakili ni rahisi kuliko kupiga hesabu. Isitoshe, Mwanza hakuna karani wa pili. Wote wamekaa Nansio, na kila wanachotaka kukigusa Mwanza lazima kivutwe au kisukumwe kwenye laini ya simu. Kosa la -t peke yake lingekusumbua kidogo. Sshfs peke yake ingekupunguzia kasi. Yalipokutana, folda nzima ikawa inasafiri kila usiku.

Na sasa utaelewa kilichotokea ulipoongeza -c. Rafiki yako alikuwa na nia njema, na -c kweli humfanya karani afungue tenga badala ya kusoma lebo: kila faili lenye ukubwa sawa pande zote husomwa lote na kupigiwa hesabu. Kwa kuwa karani wa Mwanza amekaa Nansio, ilibidi gigabaiti 9 zote za Mwanza ziletwe kwake kwanza ndipo azisome. Ukiangalia matumizi ya rauta ya usiku ule utakuta safari hii data ilikuwa ya kupokea, si ya kutuma. Kiasi ni kilekile, ila mwelekeo umegeuka.

Dawa ni kumrudisha karani wa pili Mwanza. Kama sshfs ilikuwa inaunganisha, basi ssh, njia salama ya kuingia kwenye mashine ya mbali, ipo tayari na funguo zipo. Hakuna kipya cha kununua. Hakikisha tu kwamba rsync imefungwa kwenye mashine zote mbili, kisha iondoe ile folda iliyopachikwa na utumie jina la mashine na alama ya nukta mbili:

rsync -rtv --timeout=180 --partial-dir=.nusu /data/stakabadhi/ karani@seva-mwanza:/hifadhi/stakabadhi/

Badilisha jina la mtumiaji, la mashine na njia ya Mwanza kulingana na mlivyonavyo. Zingatia ule mkwaju (/) baada ya neno stakabadhi upande wa kushoto. Ukiuacha, unabeba tenga pamoja na dagaa, yaani rsync itaunda folda nyingine iitwayo stakabadhi ndani ya ile uliyoitaja. Ukiuweka, unamwaga dagaa tu ndani ya tenga lililopo. Mkwaju huo mmoja umewafanya watu wengi wawe na stakabadhi/stakabadhi kwenye seva zao na kulipia bando mara mbili, kwa hiyo kabla ya mara ya kwanza endesha na -i na -n na usome njia zinazotajwa. Ukiona alama za kujumlisha kwenye mafaili unayojua yapo Mwanza, simama, umekosea njia.

Usiku wa kwanza usishtuke ukiona kazi inachukua muda. Lebo za Mwanza zote ni mbovu, kwa hiyo makarani watalipitia kila faili kwa mtindo wa vipande na kusahihisha saa zake. Weka --stats mwishoni mwa amri, na kazi ikiisha soma mistari miwili: Literal data ni baiti za mafaili zilizosafiri kweli, Matched data ni zile zilizokutwa tayari Mwanza. Nategemea uone ya pili ikikaribia gigabaiti 9 na ya kwanza ikiwa ndogo sana. Usiku wa pili mambo yawe mepesi: mafaili ya siku hiyo tu.

Wapo watakaokwambia uvuke usiku wa kwanza kwa --size-only, yaani karani asome ukubwa peke yake na kusahihisha saa. Ni haraka, na kwa picha zisizohaririwa inaweza kuvumilika. Kwa folda yenye hesabu sikushauri, maana faili la hesabu linaweza kubadilika tarakimu bila kubadilika ukubwa, na wewe utakuwa umelibariki kwamba ni sahihi.

Kuhusu kukatika katikati. Ninyi mlio kando ya ziwa mnajua kuwa mvua zetu za radi hupenda usiku wa manane kuelekea alfajiri, na cron yako iko saa nane usiku, palepale. Nakushauri uihamishe iwe saa tatu usiku, baada ya kufunga hesabu. Lakini hata hivyo laini itakatika siku moja, na ikikatika sasa utakuwa na ulinzi. Mafaili yaliyokwisha kufika yana lebo sahihi, hayatarudiwa. Lililokuwa njiani litawekwa kwenye folda ya .nusu na kuendelezwa, badala ya kutupwa. Na --timeout=180 inamaanisha kwamba dakika tatu zikipita bila data yoyote kupita, rsync inajiondoa yenyewe. Kule kuganda hadi asubuhi kulitokana na sshfs: laini ikifa, kila programu iliyokuwa ikigusa /mnt/mwanza hubaki imekaa ikisubiri jibu lisilokuja.

Mara baada ya kazi kuisha, andika echo $? nawe utapewa namba. Sifuri ni salama. 30 ni muda uliisha kwa ukimya, 12 ni mazungumzo ya makarani yamevunjika, 255 ni ssh yenyewe imeshindwa kufika. Zote tatu kwa mazingira yako kwa kawaida ni laini, jaribu tena baada ya dakika kumi. 24 ni faili lilitoweka wakati likisomwa, mara nyingi mtu alikuwa bado anafanya kazi. 23 na 11 ndizo za kukufanya uketi chini na kusoma ujumbe wote: 23 inasema kuna mafaili hayakupelekwa, labda ruhusa, labda diski inaanza kuchoka; 11 ni matatizo ya kusoma au kuandika, na mara nyingi ni diski imejaa. Angalia kwa df -h, inayoonyesha nafasi ya diski, na usisahau df -i, kwa kuwa diski yenye mafaili madogo mengi inaweza kuishiwa nafasi za majina huku gigabaiti zikiwa bado zipo.

Sasa lile la folda kuwa tupu. Nakiri lilinipa baridi kuliko la bando, kwa sababu bando hununuliwa tena.

Umeme ulipokatika na kurudi, mashine ya Nansio iliwaka bila diski ya pili. Nashuku kwenye fstab, faili lenye orodha ya diski za kupachika, kuna neno nofail, linaloruhusu mashine iendelee kuwaka hata diski ikikosekana. Ni neno zuri, ila lilikuacha na /data/stakabadhi kama folda tupu tu, mlango usio na chumba nyuma yake. Saa nane usiku rsync ikaja, ikakuta folda ipo, haina kitu, ikasoma agizo la --delete: kisichokuwepo Nansio kifutwe Mwanza. Ikatii. Kama folda ingekuwa haipo kabisa, rsync ingelalamika na kuacha kufuta. Folda tupu ndiyo hatari, kwa sababu inaonekana kama ukweli.

Shukuru kwamba diski ilikuwa nzima. Nimewahi kuitwa kwenye ofisi moja hapa mjini ambako mambo yalikwenda kinyume chake: diski ya upande wa kupokea ndiyo haikupachikwa, na kwa wiki kadhaa nakala zilikuwa zikiandikwa kwenye folda tupu ya diski kuu ya mashine. Hakuna aliyegundua, maana kazi ilimalizika kila siku kwa sifuri. Siku diski kuu ilipojaa, seva ikasimama, na walipoipachika ile diski ya nakala wakakuta faili la mwisho ni la kabla ya wiki hizo zote. Mama mwenye ofisi aliniuliza, "Kwa hiyo tulikuwa tunaweka wapi?" Swali hilo sijalisahau.

Kwa hiyo ninakuomba mambo mawili. La kwanza, iondoe --delete. Stakabadhi ni kumbukumbu ya hesabu. Kwenye biashara yenu hakuna siku mnayotakiwa kuzifuta kwa usiku mmoja. Unaipa programu ruhusa ya kufuta kwa faida gani? Mwanza ikibaki na mafaili machache ambayo Nansio imeyaondoa, hasara yake ni nafasi kidogo ya diski. Mwenye sababu ya kweli ya kufuta aweke --max-delete=50 au idadi inayolingana na kazi yake, ili ikitokea balaa lisimeze folda nzima, na rsync itarudisha namba 25 kumjulisha kwamba kikomo kimefikiwa.

La pili, ifundishe mashine kuhakikisha diski ipo kabla ya kuanza. Weka amri zako kwenye skripti, yaani faili la amri, badala ya kuziandika moja kwa moja kwenye crontab, ile orodha ya kazi za cron, kwa mfano /usr/local/bin/peleka:

#!/bin/sh
mountpoint -q /data/stakabadhi || exit 1
LEO=$(date +%F)
rsync -rt --stats --timeout=180 --partial-dir=.nusu --backup --backup-dir=/hifadhi/zamani/$LEO /data/stakabadhi/ karani@seva-mwanza:/hifadhi/stakabadhi/

Mstari wa pili unauliza kama kweli kuna diski imepachikwa pale. Kama hakuna, kazi inaishia hapo na hakuna kinachoguswa. Ile --backup inafanya faili la Mwanza linalobadilishwa lisipotee, bali lihamishiwe kwenye folda yenye tarehe ya siku hiyo. Ila hii iongeze baada ya ule usiku wa kwanza wa kusahihisha lebo. Ukiiweka mapema, mafaili yote 41,000 yatahesabiwa kuwa yamebadilishwa, na utajaza diski ya Mwanza nakala za bure. Ninasisitiza skripti kwa sababu alama ya asilimia ndani ya crontab ina maana yake nyingine, na amri ya tarehe itakatwa katikati bila wewe kujua. Kwenye crontab andika tu:

0 21 * * * flock -n /run/lock/peleka.lock /usr/local/bin/peleka

Flock inazuia kazi ya leo isianze kama ya jana bado inaendelea. Kama hukuwahi kuiweka, zile siku za kuganda huenda ulikuwa na rsync mbili zikigombea laini moja.

Jambo moja ambalo hukuuliza, lakini umeme umelitaja. Kompyuta ikikaa bila umeme na betri yake ndogo ya saa ikiwa imekufa, huwaka ikiwa na tarehe ya zamani mpaka ipate intaneti na kujirekebisha. Andika timedatectl uone. Rsync kama tunavyoitumia hapa haijali faili lipi ni jipya zaidi. Inauliza tu kama lebo zinafanana. Kwa hiyo saa mbovu haitaharibu upelekaji, lakini itaandika stakabadhi zako kwa mwaka usio wake, na ukija kutafuta malipo ya mwezi fulani utateseka. Pia usikubali mtu akuongezee -u. Hiyo ndiyo inayolinganisha upya na uzee, na kwa saa isiyoaminika itaacha mafaili bila kukuambia. Betri hiyo kwa kawaida ni ya duara, CR2032, wanaiuza wauza saa na vifaa vya umeme. Ibadilishe.

Na kama diski ya Mwanza ni ile ya nje iliyotoka dukani ikiwa na mfumo wa FAT, ongeza --modify-window=1. FAT huandika saa kwa kuruka sekunde mbilimbili, kwa hiyo faili lililopigwa kwenye sekunde isiyo shufwa litaonekana tofauti kila usiku. Usihangaike na -z kwa picha za JPG. Zimeshabanwa tayari, utaichosha kompyuta bure.

Syncthing ni programu nzuri, nami ninaitumia. Ila inajibu shida nyingine: watu wa pande mbili wanaohariri folda moja na kutaka mabadiliko yaende na kurudi. Ninyi kazi yenu ni ya upande mmoja, Nansio kwenda Mwanza. Ukiiweka kwa mipangilio ya kawaida, mtu wa Kirumba akifuta faili kwa bahati mbaya litafutika na Nansio, na wawili wakigusa faili moja utaanza kukuta mafaili yenye jina la sync-conflict ambayo karani hajui aamini lipi. Siku ofisi ya Kirumba itakapohitaji kurudisha maandishi Nansio, tuzungumze tena. Intaneti ya kasi zaidi ingekumalizia bando lako mapema zaidi usiku, basi. Subiri mwezi mmoja baada ya kurekebisha ndipo uamue.

Kama siku moja mtahitaji kuanza upya, diski mpya Mwanza na gigabaiti 9 zote kuhamishwa, usizipitishe kwenye simu. Nakili kwa rsync -rt kwenye diski ya nje huko Nansio, mpe mtu unayemwamini apande nayo meli, inakiliwe Kirumba kwa -rt vilevile ili lebo zisipotee, na usiku huo rsync ya mtandao itapeleka kilichopungua tu.

Yapo mambo ambayo sitaki uyafanye peke yako kwa kusoma maandishi yangu. Ukisikia diski inagonga, au dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo, ikaonyesha makosa ya kusoma, au diski imejigeuza kuwa ya kusoma tu, zima kazi ya cron kwanza, usirudie rsync kwa kutumaini, na umwite fundi wa vifaa aje aione. Vivyo hivyo baada ya radi kupiga jirani, hata kama kila kitu kinawaka. Na kama mafaili yamefutwa kweli na hakuna nakala upande wowote, usiandike chochote kwenye diski hiyo. Kila faili jipya linaweza kukalia la zamani. Mwisho, kama katika folda hiyo kuna programu ya hesabu inayotumia hifadhidata ya MySQL au PostgreSQL, usinakili mafaili yake ikiwa inafanya kazi. Nakala itafika nzima kwa ukubwa na saa, na siku ya kuifungua isifunguke. Hiyo inahitaji mysqldump au pg_dump kwanza, na kwa mara ya kwanza kaa na mtu anayeijua hifadhidata yenu.

Fanya hivi wiki hii: leo endesha amri mpya na -i na -n, usome mistari. Kesho ifanye kweli na --stats. Keshokutwa weka skripti na cron, kisha asubuhi yake ingia seva ya Mwanza, chagua stakabadhi tano za miezi tofauti, zifungue uone kama zinasomeka na kama saa zake zinalingana na za Nansio. Halafu niandikie ile mistari miwili, Literal na Matched, ya usiku wa kwanza na ya pili, pamoja na matokeo ya timedatectl ya Nansio.